Wakili wa Ufilisi Marekani na Nyumba Uliyojenga Mkuu

Swali la kwanza huwa la bei. Mtu wa Rombo anaishi Texas au Minnesota, kadi za mkopo zimemlemea, bili ya hospitali imeongezeka juu yake, anataka kujua wakili wa ufilisi anachukua ngapi. Kwa kesi ya kawaida ya Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, ile inayofuta madeni mengi yasiyo na dhamana ndani ya miezi michache, mawakili wengi hutoza kati ya dola 1,000 na 2,500. Ada ya mahakama iko kando, dola 338. Sura ya 13, ambako unalipa sehemu ya deni kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano, wakili huanzia kwenye dola 3,000 na kupanda, na mahakama huchukua 313. Zipo pia kozi mbili fupi za lazima kuhusu fedha, moja kabla ya kufungua kesi na nyingine baadaye, ambazo hazina gharama kubwa.

Bei hizo lakini ni za mtu ambaye mali yake yote iko pale pale anapoishi. Wengi wetu hatuko hivyo. Tumejenga nyumbani. Kuna nyumba ya vyumba vinne kwenye kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, au kiwanja kando ya lami ya kwenda Tarakea, au fremu mbili za duka karibu na soko la Mkuu. Kila Desemba tunapanda mlima kuiangalia. Mtu akikaa mbele ya wakili kule Houston, nyumba hiyo haimjii akilini, kwa sababu haiko Marekani na deni liko Marekani.

Sheria ya ufilisi ya Marekani haioni hivyo. Inasema mali ya mdaiwa ni mali yake popote ilipo na mikononi mwa yeyote anayeishika. Fomu unazojaza unazitia saini kwa kiapo. Kuficha mali kwa makusudi ni kosa la jinai ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano, na hata usipofungwa, jaji anaweza kukataa kukufutia madeni. Hapo utakuwa umemlipa wakili, umelipa mahakama, jina lako limeandikwa mufilisi, na deni bado lipo. Kwa hiyo ninavyoona mimi, mtu wetu anapolipa dola 2,000, fedha hiyo inanunua zaidi ushauri juu ya mali ya nyumbani kuliko inavyonunua ujazaji wa fomu.

Tunaficha kwa nini? Naamini ni kwa sababu ya tulichokiona tulipokua. Kwetu, habari ya kufilisiwa ni dalali wa mahakama na lori, majirani wamesimama kwenye ua, magodoro na redio vinapakiwa. Mdai ndiye anayeanza na mdaiwa anakimbia. Tanzania kuna Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, iliyorithiwa kutoka enzi ya Mwingereza, na inamruhusu hata mdaiwa mwenyewe kwenda Mahakama Kuu kuomba atangazwe mufilisi, kazi ya kusimamia mali yake ikiwa kwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ila huwezi kusikia mkulima wa kahawa au mwenye duka la Mkuu akisema anashuka Moshi kwenye Mahakama Kuu kuomba jambo hilo. Anachokijua ni hukumu, mnada, na kile kifungo cha madai ambacho mdai mwenyewe ndiye anayelipia posho ya chakula cha mfungwa. Mtu aliyelelewa na hofu hiyo akiambiwa na wakili wa Marekani "orodhesha kila kitu", moyo wake unakwenda moja kwa moja kwenye kaburi la babu lililoko kwenye kihamba, na anaamua kunyamaza.

Anyamazapo hajui kwamba kutaja mali si sawa na kuipoteza. Kila jimbo lina orodha ya mali zinazokingwa, na katika baadhi ya majimbo mdaiwa anaweza kuchagua orodha ya serikali kuu. Kinga ya makazi ni ya nyumba unayoishi, kwa hiyo nyumba ya Mkuu kwa kawaida haiingii humo. Katika baadhi ya orodha hizo, hata hivyo, ipo kinga ya jumla ambayo unaweza kuiweka juu ya mali yoyote hadi kiwango fulani, na wakili mzuri huanzia hapo. Tena msimamizi wa ufilisi, yule anayeuza mali ya mdaiwa ili kuwalipa wadai, ana ruhusa ya kuiacha mali ambayo kuiuza kutamletea usumbufu zaidi kuliko fedha. Hebu fikiria kazi ya msimamizi wa Minneapolis kuuza nyumba iliyo katikati ya migomba ya ukoo, ardhi ikiwa ya kimila, haina hati, na mnunuzi wa nje ya ukoo hatakiwi na wazee. Thamani yake kwenye karatasi inaweza kuwa kubwa na thamani yake sokoni ikawa ndogo sana.

Kihamba ndicho kinachompa wakili kazi ya kweli. Ni chako? Kama baba yu hai na hajagawa, umejenga juu ya ardhi yake. Kama amefariki na mirathi haijafunguliwa, una haki ambayo haijapimwa. Kama ardhi imegawiwa kwa maneno mbele ya wajomba, hakuna karatasi, lakini ukoo mzima unajua mpaka wako uko kwenye isale lipi, mmea wetu wa mpaka. Na kama umekwisha kuchukua uraia wa Marekani, linaongezeka swali jingine, kwa sababu sheria ya ardhi ya Tanzania ina masharti ya pekee kwa asiye raia. Wakili wa Houston hawezi kuyajua haya. Atahitaji barua ya mwenyekiti wa kijiji, maelezo ya wakili wa Moshi, pengine na makadirio ya mthamini. Hiyo ni gharama juu ya gharama, na ni bora uijue siku ya kwanza.

Liko kosa la pili baada ya kuficha, nalo lina hatari zaidi: kuhamisha mali. Mtu anasikia ushauri wa barazani, anampigia kaka simu, "andika nyumba jina lako". Msimamizi anaweza kuangalia nyuma miaka miwili kwa sheria ya ufilisi, na zaidi kwa sheria za majimbo mengi. Ukihamisha ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi kwa nia ya kuwakwepa wadai, unaweza kukosa kufutiwa madeni kabisa. Hata kumlipa dada yako deni lake halali ndani ya mwaka huo, huku benki za kadi za mkopo zikisubiri, msimamizi anaweza kudai fedha hiyo irudishwe. Upatu nao una nafasi yake kwenye fomu. Kama zamu yako haijafika, ulichochangia ni mali. Kama umeshakula, wenzako wa mchezo ni wadai wako na majina yao yanaandikwa.

Lipo jambo moja la faraja ambalo wengi hawaambiwi. Katika kile kipimo cha kipato kinachoamua kama unaingia Sura ya 7, sheria inatambua gharama endelevu na za lazima za kumtunza mzazi mzee, mgonjwa wa muda mrefu au mlemavu asiyeweza kujilipia. Ikiwa kila mwezi unatuma dola 200 za dawa za mama aliye Mkuu, weka risiti. Ulizia kipengele hicho mwenyewe, usisubiri wakili akikumbuke.

Kuhusu malipo yenyewe, wakili wa Sura ya 7 hudai fedha yote kabla ya kufungua kesi. Si ukatili. Deni lolote ulilo nalo siku ya kufungua, na la wakili likiwamo, linaweza kufutwa, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa mdaiwa kwa kawaida hawezi kulipwa kutoka kwenye mali iliyo chini ya msimamizi. Sura ya 13 ni tofauti, sehemu kubwa ya ada huingizwa kwenye mpango wa malipo. Katika zote mbili wakili lazima aitangazie mahakama alicholipwa, na jaji akiona kimezidi anaweza kuamuru kirudishwe. Ada ya mahakama unaweza kuilipa kidogo kidogo, na katika Sura ya 7 mwenye kipato chini ya asilimia 150 ya kiwango cha umaskini anaweza kuomba asamehewe. Yule ndugu anayejaza fomu za kodi na za uhamiaji mtaani, asiye wakili, sheria inamruhusu kuchapa fomu za ufilisi tu. Hawezi kukushauri juu ya kihamba.

Walioko England na Wales wana njia rahisi zaidi. Agizo la kusamehewa deni kwa wenye mali kidogo halina ada tangu Aprili 2024, na kujitangaza mufilisi ni pauni 680 bila wakili. Huko nako mali ya Mkuu inatajwa. Hata Kenya, ng'ambo tu ya Tarakea, sheria ya 2015 iliweka utaratibu wa mtu asiye na mali, mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya.

Na deni likiwa la huko nyumbani, ukipigiwa simu kwamba ndugu yako ameweka nyumba ya Mkuu dhamana benki na deni limemshinda, uliza mambo mawili kabla ya kutuma fedha: kama mwenzi wake alitia saini ya ridhaa, na kama benki imempa notisi ya siku 60. Halafu mwambie ashuke Moshi, kwenye shirika la KWIECO, ambako msaada wa kisheria upo kwa asiye na fedha ya wakili.