Barafu ya samaki, barafu ya hoki: Ligi huanza vipi?

Hebu nikuulize, wewe kijana wa Shella: barafu unaijua ya wapi? Ile ya wavuvi ya kuhifadhia samaki, ama ile ya ukwaju uliyokuwa ukifyonza ukitoka madrasa? Basi. Zaidi ya hapo barafu kwetu haina maisha. Iache kibarazani saa saba mchana, ukirudi wakuta maji.

Sasa sikiza hii. Kuna Wakenya wanaocheza hoki ya barafu, na si kwenye simu.

Mwaka 2005 hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu wa ndani. Wageni kutoka Canada na kwingineko wakaanza kucheza hoki pale. Vijana wetu, wengi wakiwa wameshazoea kuteleza kwa viatu vya magurudumu, wakaingia. Ndiyo ikazaliwa timu ya Ice Lions. Uwanja wenyewe mdogo, hauukaribii ule rasmi wa mita 60 kwa 30. Na shida kubwa zaidi: mpinzani hakuna! Timu moja nchi nzima. Wakafanyaje? Wakajigawa, wakapigana wenyewe kwa wenyewe, wiki baada ya wiki.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons ikawapeleka Canada, wakacheza na timu nyingine kwa mara ya kwanza. Tena upande wao wakaongezewa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wa NHL. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu.

Utasema, hao walipata bahati. Haya, tuiangalie hiyo NHL yenyewe, ligi ya mapesa. Ilianza kwa ugomvi, bana. Novemba 26, 1917, wenye timu walikutana hotelini mjini Montreal. Walikuwa wamechoshwa na mwenzao mmoja wa Toronto, Eddie Livingstone. Sheria za ligi yao ya zamani hazikuwapa njia ya kumfukuza. Basi wakamwachia ligi yake, wakaunda nyingine bila yeye. Desemba wakaanza na timu nne. Januari 1918 uwanja wa Montreal ukaungua, timu ya Wanderers ikajitoa, zikabaki tatu. Leo ziko 32.

Mbona nakusimulia haya? Kwa sababu nami niliwahi kuanzisha ligi. Nilipoacha chuo karo iliponishinda, tuliunda ligi ya mpira wa ufuoni, timu sita, kila moja ikatoa shilingi 1,500. Wiki ya tatu ligi ikafa. Watu wa maskani wanasema ni mvua, wengine wanasema ni siasa. La. Mweka hazina nilikuwa mimi. Nyumbani kulikuwa na shida, nikaazima elfu mbili bila kumwambia mtu, nikijua nitarudisha Ijumaa. Ijumaa ikafika, sina. Habari ikavuja, timu mbili zikajitoa, na zilizobaki zikakosa imani. Pesa nililipa baadaye. Ligi haikurudi.

Hatukuwa na sheria hata moja iliyoandikwa. Hakuna aliyejua pesa zikiguswa anaulizwa nani, wala adhabu ni gani. Wale wa Montreal nao walikosa kipengele kimoja tu cha kumwondoa mtu, ikabidi wavunje nyumba nzima wajenge upya. Sisi tulivunja, hatukujenga.

Kwa hivyo rafiki yangu, unapolia hakuna mfadhili, hakuna uwanja, kumbuka Ice Lions hawakuwa hata na wa kucheza naye. Anzeni na mlio nao. Lakini kabla ya kununua mpira, nunueni daftari. Andikeni pesa zinakaa wapi, watu watatu watie sahihi, na mweka hazina akikosea, muwe mnajua la kumfanya bila kuua ligi.

Mwezi huu tunataka kuianza tena pale pale ufuoni. Nimewaambia wenzangu safari hii nitashika filimbi, si pesa. Wawili wamekubali. Wanne bado wananitazama tu.

Wana haki. Jioni nitakuwepo, na daftari mkononi.