Uholanzi: Taa zinazoongeza mavuno ya nyanya zapunguza kinga ya mmea

Katikati ya mwezi Desemba nchini Uholanzi, mchana haufikishi hata muda wa saa nane. Ndiyo maana katika eneo la Westland, karibu na mji wa The Hague, nyumba za vioo zinamolimwa nyanya huwashwa taa kabla ya kupambazuka na baada ya giza kuingia.

Zamani zilikuwa taa za sodiamu, zenye joto jingi. Siku hizi nafasi yao inachukuliwa na taa za LED, zinazotumia umeme kidogo na kumruhusu mkulima kuchagua rangi ya mwanga. Shida inaanzia hapo.

Mmea hautumii mwanga kujilisha tu. Majani hunyonya mwanga mwekundu, lakini ule mwekundu wa mbali, ambao jicho la binadamu karibu haliuoni, huuachilia upite au huurudisha. Rangi hiyo ikizidi, mmea huelewa kwamba umebanwa na majirani. Protini iitwayo fitokromu ndiyo inayopima. Shina hurefuka haraka kutafuta jua, huku homoni ya jasmonati, inayoamsha kinga dhidi ya wadudu na kuvu, ikipungua nguvu. Kwanza jua, adui baadaye.

Wakulima wanaipenda rangi hiyo, na wana sababu: majaribio ya Wageningen yalionyesha kwamba nyanya zinazoongezewa mwanga huo hupeleka chakula kingi zaidi kwenye matunda. Lakini mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht walionyesha upande wa pili. Majani yaliyomulikwa hivyo yalikuwa na glukosi nyingi, na kuvu wa Botrytis, anayeleta ukungu wa kijivu, aliyashambulia kwa nguvu zaidi.

Kupulizia dawa ovyo hakuwezekani. Ndani ya nyumba hizo wamo nyigu wadogo wa Encarsia, wanaofugwa ili waangamize inzi weupe, na dawa kali ingewaua nao. Mwanga wa urujuanimno aina ya B, kwa kiasi kidogo, unaweza kuamsha kinga ya mmea. Ukizidi huunguza majani, na ni hatari kwa macho ya wafanyakazi.

Hata bila taa, nyanya zilizopandwa kwa kubanana shambani hutiana kivuli cha namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mkulima wa Westland anakilipia umeme, na mwaka 2022, bei ya gesi ilipopanda, baadhi yao walipitisha majira ya baridi bila kuwasha taa.