Kengele ya Asubuhi

Kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, jua hutoka majini. Huko Kalemie, na Moba, na katika vijiji vya wavuvi vilivyo kati yao, hutoka karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Jogoo amekwisha kuwika, mama amekwisha kuwasha moto. Baadaye kidogo mtu anagonga chuma kilichotundikwa mtini: nge, nge, nge! Ni kengele ya kwanza ya shule.

Kengele ya kwanza yamwambia mtoto: Nawa, vaa, twaa daftari, shika njia. Kengele ya pili yamwambia: Simama mstarini. Katika shule nyingi kengele hiyo ya pili hulia saa moja na nusu. Ndipo watoto huingia darasani, naye mwalimu hufungua kitabu cha majina, huita kila mmoja kwa jina lake. Aliyepo huitika. Asiyepo hutiwa alama.

Watu wengine hudhani kwamba kufika kwa saa ni amri tu ya wakubwa, kama amri ya askari. Lakini sababu imo ndani ya somo lenyewe.

Yafaa kutazama somo moja la hesabu katika mwaka wa nne. Kwanza mwalimu hukumbusha mambo ya jana. Kisha hutwaa chungwa, hulikata vipande vinne vilivyo sawa. Huinua kipande kimoja: hiki ni robo. Huongeza kingine: robo na robo ni nusu ya chungwa. Watoto wote wameona kwa macho. Baadaye mwalimu huandika ubaoni 1/4 + 1/4 = 2/4, na watoto huanza mazoezi.

Sasa mlango unafunguka. Mtoto aliyekawia robo saa anaingia, anatafuta mahali pa kuketi, na wenzake wote wanageuza vichwa. Chungwa halionekani tena. Yeye anaona tarakimu za ubaoni tu. Akipewa zoezi lake, robo na robo, anajumlisha za juu, anajumlisha za chini, anaandika 2/8. Hajui kwamba 2/8 ni robo moja tu, ile ile aliyoanza nayo. Kesho mwalimu atajenga juu ya somo la leo, na mtoto huyu hana msingi. Alikosa robo saa moja, lakini ndiyo robo saa iliyobeba somo zima.

Tena robo saa yaonekana kuwa kitu kidogo. Hesabu yake ni hii. Tuseme shule yafungua saa moja na nusu, yafunga saa sita. Ni saa nne na nusu za masomo kila asubuhi. Juma lina siku sita za shule. Mtoto anayekawia robo saa kila siku hupoteza saa moja na nusu kwa juma. Kwa majuma manne hupoteza saa 6. Kwa majuma 12 hupoteza saa 18, yaani asubuhi nne nzima. Mwaka wa shule ukiwa na majuma 36, atakuwa amepoteza saa 54. Hizo ni asubuhi 12, majuma mawili kamili ya shule! Naye mtoto mwenyewe atasema: Sikukosa hata siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimwaga.

Kukosa siku nzima kuna sababu nyingine, na si zote ni uvivu. Katika vijiji vya ziwani mwalimu aweza kuzijua akilinganisha kitabu chake na mwezi wa mbinguni. Wavuvi huvua ndagala usiku kwa taa, kwa kuwa samaki hao hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika. Giza likirudi, mitumbwi hushuka tena majini, hurudi alfajiri na samaki wengi. Asubuhi hiyo mikono yote hutakiwa pwani: kuchagua samaki, kuwaosha, kuwatandaza juani. Ndipo nafasi za darasani huwa tupu. Mara nyingi mtoto wa kike ndiye huitwa kwanza.

Mama mwenye samaki mchangani hafanyi mchezo. Samaki wasipoanikwa mapema huoza, na fedha ya chumvi, ya sabuni na ya dawa hupotea pamoja nao. Lakini binti aliyebaki pwani kila giza la mwezi hupoteza kitu ambacho jua la kesho haliwezi kukirudisha. Mwisho wa mwaka wa sita kuna mtihani wa taifa. Karatasi ya mtihani haiulizi kama mtoto alikuwa akianika ndagala. Yauliza tu kama anajua.

Zamani sababu nyingine ilikuwa fedha ya shule. Wazazi wasipolipa, watoto walirudishwa nyumbani, wakakaa siku nyingi bila kusoma. Katiba ya nchi ya mwaka 2006 ilisema kwamba masomo ya shule ya msingi ni ya lazima, na ni bila malipo katika shule za serikali. Sheria hiyo ilianza kufuatwa kwa nguvu Septemba 2019, hata katika shule za misioni zinazofanya kazi pamoja na serikali. Watoto wengi sana waliingia, na madarasa yakajaa. Kwa hiyo mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kurudia somo kwa kila anayekawia. Mlango umefunguliwa, imebaki kuuingia kila siku.

Basi, shule yataka nini?

Kwa mtoto yataka aandae vitu vyake jioni, alale mapema, aondoke kwa kengele ya kwanza. Asisimame njiani kutega ndege wala kutazama mpira. Akiwa alikosa siku moja, na amwombe mwenzake daftari, anakili somo, amwulize mwalimu lile asilolielewa.

Kwa wazazi yataka neno. Mtoto akiwa na homa, apelekwe kwenye dawa, na mtu atumwe kumwambia mwalimu. Kukiwa na kilio au safari, ruhusa iombwe kabla. Kazi ya pwani igawanywe kwa zamu, isimwangukie binti yule yule kila mara. Kazi nyingi zaweza kungoja mpaka saa sita, somo haliwezi. Na siku mvua kubwa imejaza mto, mtoto asivuke. Shule haidai maisha ya mtu.

Kwa mwalimu pia kuna deni. Na awe wa kwanza kufika, maana mtoto mmoja akikawia hujipunja mwenyewe, lakini mwalimu akikawia hupunja darasa zima. Na aulize kabla ya kuadhibu. Pengine aliyekawia ametoka mbali, au aliamka usiku kumsaidia mama mgonjwa. Tena asimrudishe nyumbani kwa sababu ya robo saa, kwa kuwa hapo atamnyima siku nzima ili kumfundisha thamani ya robo saa.

Hivyo kengele hailii kwa watoto peke yao. Yaita watu watatu: mtoto, mzazi na mwalimu. Mmoja asipoitika, kazi ya wale wawili hulegea, kama wavu uliokatika fundo: wavuvi wavuta kwa bidii, na samaki watoka.

Asubuhi tulivu sauti ya chuma kile hufika mbali juu ya maji. Baba anayerudi na mtumbwi wake huisikia. Yeye hawezi kumwona mtoto wake, lakini ajua saa hii yuko njiani, daftari mkononi, na chungwa la mwalimu bado halijakatwa.

Maulizo
1. Kengele ya kwanza yamwambia mtoto nini? Na ya pili?
2. Kwa nini mtoto aliyekawia aliandika 2/8? Jibu la kweli ni lipi?
3. Mtoto akikawia dakika kumi kila siku, atapoteza saa ngapi kwa majuma sita ya shule?
4. Kwa nini nafasi nyingi za darasani huwa tupu wakati wa giza la mwezi?
5. Mwalimu afanye nini kabla ya kumwadhibu aliyekawia?