Programu Zilizokuja na Kompyuta: Zipi Zibaki, Zipi Ziondoke?

Mtu anaponunua redio mpya dukani hukuta ndani ya boksi redio yenyewe, waya wa umeme na kijitabu cha maelezo. Anaponunua kompyuta mpya mambo huwa mengine. Akiiwasha kwa mara ya kwanza hukuta nyumba imekwisha kaliwa na wapangaji asiowajua: michezo ya karata, duka la kununulia vitu, programu ya kukinga virusi inayotaka kulipwa baada ya siku chache, na nyingine ambazo hata majina yake hayasemi zinafanya kazi gani. Wasikilizaji wetu wameuliza kama ni salama kuwafukuza wapangaji hao. Jibu ni kwamba wengi wao wafukuzwe, lakini si wote, wala si kwa pupa.

Kwanza tuone waliingiaje. Faida anayopata mtengenezaji kwa kompyuta ya bei nafuu ni ndogo. Kwa hiyo kampuni za programu humlipa ili bidhaa zao zikae ndani ya mashine kabla haijatoka kiwandani, kwa matumaini kwamba mnunuzi atazizoea na baadaye atazilipia. Mwezi Machi 2008 kampuni ya Sony ilitangaza huko Marekani kwamba mteja wa baadhi ya kompyuta zake angeweza kupata mashine isiyo na programu hizo kwa kuongeza dola 50 hivi. Yaani alipe ili asipewe! Wateja walipiga kelele, na ada hiyo ikaondolewa upesi.

Mara nyingi hasara ya programu hizi ni ya kuudhi tu. Kompyuta inachelewa kuwaka, nafasi ya kuhifadhi kazi inapungua, na mtu anayenunua bando la intaneti kwa shida anakuta limeliwa na programu inayojisasisha bila kumwuliza. Lakini lipo tukio moja lililoonyesha kwamba jambo hili linaweza kufika mbali zaidi.

Mwaka 2014 kampuni ya Lenovo ilianza kuuza kompyuta mpakato za matumizi ya nyumbani zikiwa na programu iliyotengenezwa na kampuni ya Superfish. Kazi yake ilikuwa kumwekea mtumiaji matangazo ya biashara kwenye kurasa za intaneti anazozitazama. Ili kuelewa ubaya wake, lazima tujue jinsi kompyuta inavyoitambua benki. Unapofungua ukurasa wa benki, benki hutoa cheti, na kompyuta yako hukikagua kwa kutazama orodha yake ya watoa vyeti inaowaamini. Cheti kikikubalika, yote mnayoandikiana na benki hufungwa kwa siri. Superfish ilijiingiza yenyewe kwenye orodha hiyo ya waaminifu. Ikawa inasimama katikati kama karani wa posta anayefungua barua, anachomeka tangazo, kisha anaifunga upya kwa muhuri wake mwenyewe. Mwenye barua haoni tofauti yoyote.

Kubwa zaidi ni kwamba muhuri huo ulikuwa mmoja kwa mashine zote, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya kila mashine. Februari 2015 mtaalamu wa Marekani, Robert Graham, aliupata na kulivumbua neno la siri lililoulinda katika muda wa saa chache tu. Neno lenyewe lilikuwa «komodia», sawa na jina la kampuni iliyotengeneza sehemu ya programu hiyo. Kuanzia hapo mtu mwenye nia mbaya aliyekaa kwenye intaneti ya hoteli au ya mkahawa mmoja na wewe aliweza kujifanya benki yako, na kompyuta isishtuke.

Serikali ya Marekani iliwashauri watumiaji waiondoe programu hiyo. Hapo ndipo walipokuta kwamba ukiiondoa kwa njia ya kawaida, programu huondoka lakini kile cheti chake hubaki. Ilibidi Lenovo na Microsoft watoe njia maalumu za kukifuta. Mwaka 2017 Lenovo ilikubali kulipa dola milioni 3.5 ili kumaliza mashauri ya majimbo 32 ya Marekani.

Sasa basi, mwenye kompyuta afanye nini? Kwa kila programu ajiulize ni ya nani, inafanya nini, na ikiondoka atakosa nini. Michezo, maduka na programu za majaribio ambazo hatazilipia ziondoke bila huruma. Programu ya kukinga virusi iliyokwisha muda wake ni hatari kuliko kutokuwepo, maana humpa mtu imani isiyo na msingi. Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012 ina kinga yake yenyewe, nayo hushika zamu ile nyingine ikiondolewa.

Zile zinazoendesha viungo vya mashine ziachwe, kama vile za sauti, za intaneti isiyo na waya, za kugusa kwa kidole na za betri. Programu ya mtengenezaji inayoleta masasisho ni suala gumu zaidi. Mwaka 2019 ilibainika kwamba wahalifu waliingia katika programu ya namna hiyo ya kampuni ya ASUS, wakapitishia humo virusi vikiwa na saini halali ya kampuni. Hata hivyo, njia hiyohiyo ndiyo inayoleta marekebisho ya kasoro za mashine. Kwa maoni yetu ibaki, isipokuwa kwa mtu ambaye yuko tayari kuyafuata masasisho mwenyewe kwenye ukurasa wa mtengenezaji.

Wako pia wanaoipeleka kompyuta kwa fundi na kumwambia afute kila kitu. Si vibaya, ila mwulize ataweka nini badala yake. Windows ya kunakili, iliyovunjwa kufuli na mtu usiyemjua, huenda ikawa na mgeni mbaya kuliko wote uliowafukuza. Wala hakuna haja ya kunakili. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows tangu toleo hilo la 8 zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya mashine, na nakala safi hupatikana bure kwa Microsoft wenyewe. Kabla ya hapo hamisha kazi zako zote kwenye diski nyingine, na uhakikishe zinafunguka.

Kuhusu sheria, Umoja wa Ulaya umekwenda mbele. Tangu Machi 2024 kampuni kubwa zinazotajwa na sheria yake ya masoko ya kidijitali zinalazimika kumruhusu mtumiaji kuondoa programu zilizokuja na mashine. Kwa ajili hiyo Microsoft iliwawezesha watumiaji wa Windows huko Ulaya kukiondoa kivinjari chake cha Edge kwa njia ya kawaida. Nafasi hiyo ilitolewa kwa mtu aliye Paris au Berlin. Aliye Dar es Salaam au Mombasa, mwenye mashine ileile, hakupewa.