Pizza ya mbabula Kisangani: faranga zinakwenda wapi?

Mjini Kisangani, pizza ya hotelini mara nyingi huhesabiwa kwa dola, na ndani ya bei hiyo mlaji hulipa pia kiti, jenereta na mhudumu. Ya nyumbani hulipwa kwa faranga, kidogo kidogo, kutoka duka hadi soko. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu: wanabana unga, kumbe unga si mzigo. Kinachomeza fedha ni jibini na moto.

Unga na hamira

Ngano hailimwi katika mkoa huu wa Tshopo. Unga unaopanda mto kutoka Kinshasa husafiri kilomita zipatazo 1,700, kwa hiyo bei yake hufuata meli na dola. Hata hivyo kilo moja hutoa pizza nne za kujaza kikaango cha sentimita 28. Ukitaka kupunguza gharama, kwa kila sehemu nne za ngano tia moja ya unga wa muhogo uliochekechwa. Usizidishe: muhogo hauna ule mnato unaoshika hewa, na pizza itavunjika mkononi.

Hamira, ambayo dukani utaiuliza kwa jina la levire, isikutishe. Kwa joto la mji huu ulio karibu kabisa na ikweta, nusu ya pakiti ya gramu 11 yatosha kilo nzima. Ongeza maji gramu 600, chumvi vijiko vidogo vitatu na mafuta vijiko viwili. Kanda dakika kumi, funika, na baada ya saa moja donge litakuwa limeumuka maradufu. Asiyetaka kukanda aulize kwenye tanuri la mkate la mtaani kama watamuuzia donge bichi: atalipa zaidi, lakini ataokoa saa nzima.

Jibini

Hapa ndipo pa kufikiri. La kwanza ni jibini la Masisi, lile gurudumu la njano ambalo watu huliita fromaji ya Goma. Ni gumu, linastahimili joto la nje kuliko majibini mabichi, na gramu 100 zilizoparuzwa zatosha pizza moja. Lakini tangu Januari 2025, Goma ilipotekwa na waasi wa M23 na uwanja wake wa ndege kufungwa, usipange karamu kwa kulitegemea. La pili ni vipande vya pembetatu vya La Vache qui rit, vinavyokaa bila friji. Pizza moja hutumia vipande sita hadi nane. Hulainika tu, havivutiki. Njia ya kati ni kuchanganya: gramu 50 za Masisi juu, vipande vitatu chini.

Vya kuweka juu

Tomati ya kopo hushinda nyanya mbichi kwa kuokoa moto, kwa sababu nyanya mbichi lazima zichemke hadi maji yakauke, la sivyo donge litalowa. Kaanga kitunguu, tia tomati, basi. Badala ya nyama ya makopo, chambua samaki wa moshi, uondoe miiba yote, na utie pilipili kidogo. Ladha ya samaki hukuruhusu kupunguza jibini.

Moto

Bwawa la Tshopo limo mjini humu humu, lakini umeme wake haufiki kila nyumba na hukatika pizza ikiwa ndani. Mbabula, yaani jiko la makala, inatosha. Pasha kikaango kizito, paka mafuta, tandaza donge, na funika makala kwa majivu kidogo. Baada ya dakika nne, chungulia chini: ukiona madoa ya kahawia, pindua. Sasa paka tomati na jibini juu ya upande ulioiva, funika, subiri dakika saba. Jibini likianza kutokota ukingoni, opoa. Kwa kupindua hivi huhitaji kuweka makala juu ya kifuniko.

Lakini kumbuka: makala ya kuwashia hadi mbabula ishike ni yale yale, upike moja au nne.

Hesabu

Chukua bei za leo za soko lako. Kwa pizza moja jumlisha: robo ya bei ya kilo ya unga, sehemu ya kumi ya bei ya kilo ya jibini la Masisi (au bei ya vipande ulivyotumia), sehemu ya nane ya bei ya pakiti ya hamira, tomati na samaki uliotumia, kisha makala ya jioni nzima ukigawa kwa idadi ya pizza ulizopika. Linganisha na bei ya hotelini.

Uamuzi wangu: mkiwa wawili, na hamu ni ya usiku mmoja, nendeni mkanunue. Nyumba ikiwa na watu sita au wanane, kanda kilo nzima, washa mbabula mara moja, na upike nne mfululizo.