NANI ATACHUNGA SHERIA YA DAWA KATIKA MICHEZO?



Siku ya mpira, kama arbitre ni ndugu ya wachezaji wa upande mmoja, sisi wote tunapiga kelele: "Huyu hawezi kuamua!" Leo tunapenda kueleza neno hilo juu ya dawa ambazo wachezaji wengine wanatumia kwa siri, ili wapate nguvu kupita wenzao.

Tuangalie Kenya, inchi ya wakimbiaji hodari. Rita Jeptoo alishinda maraton ya Boston mwaka 2006, tena 2013. Lakini mwezi wa 9 mwaka 2014 walimpima, wakakuta EPO mwilini mwake. EPO ni dawa ya hospitali. Inaongeza chembe nyekundu za damu, na wagonjwa wa figo inawasaidia kweli. Lakini kwa mtu mwenye afya, damu inaweza kuwa nzito sana, na moyo unaingia hatarini.

Nani alimhukumu? Kwanza federasio ya kwao. Mwezi wa 1 mwaka 2015 ilimkataza kukimbia miaka 2, azabu ya kawaida ya wakati ule. Federasio ya dunia haikukubali, ikapeleka maneno mbele ya tribinali ya michezo kule Lausanne, Uswisi. Mwezi wa 10 mwaka 2016 azabu ikafika miaka 4.

Shida iko hapa: mkimbiaji akishinda, sifa yake ni sifa ya federasio vilevile. Kumkamata mtoto wa nyumba ni kazi ngumu! Ndiyo sababu mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria na kuweka ofisi ya pekee ya kupima dawa, mbali na federasio. Mwaka 2017 federasio ya dunia nayo ikaweka kikundi cha pekee kule Monaco.

Hata Marekani, katika baseball, ule mchezo wa fimbo, walichelewa. Wenye timu na chama cha wachezaji walipashwa kupatana kwanza, na kupima kwenye azabu kulianza mwaka 2004 tu. Ripoti ya Mitchell ya mwaka 2007 ilisema kosa ni la wote: wakubwa wa mchezo, viongozi wa timu, chama, na wachezaji wenyewe.

Na mchezaji je? Sheria ni kali: kitu kikikutwa mwilini mwake, yeye ndiye anajibu, hata kama mwingine alimpa. Basi aulize mbele ya kumeza. Na kama ni mgonjwa kweli, aombe ruhusa.

Na sisi hapa Kipushi? Hakuna mtu anakuja kutupima. Lakini mwenzetu akimeza vidonge vya siri mbele ya mchezo, na sisi tunanyamaza juu tunataka kikombe, basi tumekuwa kama yule arbitre ambaye ni ndugu ya wachezaji.

Sisi wa kikundi cha michezo