Kuhama Kyela na Bibi: Mtaa Gani Mbeya? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilieleza yanayoziondoa familia katika bonde la Kyela: mashamba ya mpunga yaliyogawiwa watoto na wajukuu mpaka yakabaki vipande, mafuriko ya mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, na kazi au biashara inayomvuta kijana wa Ipinda, Ngonga au Mwaya kupanda kwenda Jiji la Mbeya. Leo naingia katika swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka mno. Familia ikishaamua kuhama, ihamie mtaa gani?

Ushauri wangu ni huu: familia yenye mzee ndani yake ichague majirani kwanza, nyumba baadaye. Mara nyingi hufanyika kinyume. Kijana anampigia simu dalali, anataja idadi ya vyumba na kodi anayoimudu, anazungushwa nyumba mbili tatu kwa siku moja, analipa kodi ya miezi sita, kisha anashuka Kyela kufunga mizigo. Mkewe hajauona mtaa. Mama yake mwenye miaka sabini na ushee, ambaye ndiye atakayeshinda pale kuanzia asubuhi mpaka magharibi, hakuulizwa lolote. Baada ya miezi michache unasikia bibi anadai arudishwe nyumbani, na watu wanasema wazee hawawezi mabadiliko. Sikubaliani nao. Bibi wa Kyela wa umri huo aliyaona mabadiliko makubwa kuliko ya wajukuu zake. Baba zake na kaka zake waliondoka kutafuta kazi migodini, Lupa kule Chunya na Copperbelt ng'ambo ya mpaka, na katika miaka ya 1970 alishuhudia vijiji vikipangwa upya wakati wa Ujamaa. Hayo yote aliyaweza kwa sababu alikuwa na wenzake. Mbeya anashindwa kwa sababu hana wa kuzungumza naye.

Katika jambo hili la kuchagua wa kuishi nao, Wanyakyusa wana historia isiyo na mfano, na inasikitisha kwamba inafundishwa zaidi katika vyuo vikuu vya ng'ambo kuliko katika shule zetu. Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu, Good Company, kinachoeleza vijiji vya marika. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi hivi aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha wazazi. Mchana waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na chakula walikula kwa mama zao, tena kwa kikundi: leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Walipokua na kuoa, wake zao waliletwa hapohapo, na vibanda vya watoto vikawa kijiji cha watu wazima. Kila baada ya miaka thelathini na kitu ilifanyika sherehe kuu, ubusoka, ambapo kizazi cha wazee kilikabidhi madaraka kwa vijana.

Kwa hiyo ndugu wa damu walitawanyika vijiji mbalimbali, wakiunganishwa na ng'ombe na matambiko, huku maisha ya kila siku yakiwa mikononi mwa majirani. Jirani ndiye aliyekusaidia kujenga, aliyekula nawe, aliyekulinda usiku. Watu waliamini hata kwamba manung'uniko ya majirani waliokosewa yanaweza kumshukia mkosaji kama ubaridi na kumletea homa. Jamii inayoamini hivyo haiwezi kuuchukulia ujirani kwa wepesi.

Vijiji hivyo vimekwisha. Hata akina Wilson walipokuwa pale tayari ardhi ilikuwa imeanza kubana, kahawa ya milimani na mpunga wa bondeni vikamfanya kila baba ashike kipande chake, na vijana wakaenda kutafuta mshahara. Lakini mazoea ya kutumia siku pamoja na watu wa rika lako hayakufa pamoja na vibanda vile. Nenda Ipinda au Kajunjumele jioni yoyote uwatazame kina mama wazee wakipepeta mchele chini ya mwembe mmoja ingawa kila mmoja ana uwanja wake. Huo ndio utajiri ambao bibi anauacha, na hauwezi kupakiwa kwenye Coaster.

Sasa tuitazame Mbeya. Upande wa mashariki wa jiji, Uyole na Igawilo, ndio ninaoupendekeza kwa familia nyingi kutoka Kyela. Barabara ya Tukuyu na Kyela inaachana na ile kuu ya TANZAM pale Uyole, kisha inapita Igawilo kabla ya kupanda kuelekea Rungwe. Stendi ya Nanenane iko upande huohuo. Maana yake, shangazi akitoka Kyela asubuhi anashuka karibu na nyumbani, hahitaji kuvuka jiji zima kwa daladala akiwa na ndoo ya mawese kichwani. Na mizigo kutoka nyumbani haikomi: mchele wa shamba la familia, usipa waliokauka, mbasa msimu unaporuhusu, ndizi. Konda anapewa namba ya simu, na kijana anasubiri barabarani. Igawilo kuna hospitali, kuna soko, na Kinyakyusa kinasikika dukani, bombani na kwenye bajaji. Bibi anaweza kutumwa kununua chumvi akarudi amepata habari za mtaa mzima.

Kuna sababu nyingine ya kubaki karibu na barabara hiyo. Familia nyingi zinazohama haziachi Kyela kabisa. Zina miti ya kokoa, na wilaya hiyo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania. Matunda yakiiva lazima yavunwe, yavundikwe, yakaushwe, kisha yapelekwe mnadani chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mwenye kokoa anakwenda na kurudi. Anayeishi Uyole anadamka na kufika shambani kabla ya jua kali. Anayeishi Iyunga au Nzovwe, upande wa pili wa jiji, anaanza safari yake kwa foleni ya TANZAM.

Najua kijana atasema kazi yake iko Iyunga, karibu na stesheni ya TAZARA, au Mbalizi kabisa. Hoja hiyo ina uzito, lakini familia ikilazimika kuchagua nani abebe umbali, abebe kijana. Yeye ana miguu, ana nauli, na huko aendako kuna wenzake wa kazi wa kuzungumza nao. Mama yake hana kingine zaidi ya mtaa.

Mwanjelwa, Kabwe na Soweto zinawavutia wafanyabiashara wa mchele, na ni kweli soko likiwa mlangoni unaokoa fedha. Kwa familia changa ni mahali pazuri. Kwa mzee asiyeona vizuri, pikipiki na mikokoteni ya pale ni hatari ya kila siku, na vyumba ni vya kubanana. Forest na Block T kuna utulivu, lakini ni utulivu wa kuta na mageti. Mzee aliyezoea kuona kila anayepita njiani anafungiwa na ukuta wa matofali, anabaki na televisheni ya Kiswahili cha haraka asichokifuata. Mimi ningemwogopea mama yangu nyumba nzuri ya namna hiyo kuliko vyumba viwili vya Igawilo. Ile mitaa iliyopanda kuelekea mlima Loleza ina kodi nafuu na hewa safi, ila jaribu kupanda vijia vyake mwezi wa tatu, udongo ukiwa umelowa, huku umemshika mkono mtu anayeumwa magoti.

Baridi isisahaulike. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mjini ni kiasi cha mita 1,700. Anayetoka Matema au Itungi ametumia maisha yake akitafuta kivuli. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya atatafuta jua, kwa hiyo tazama chumba chake kinaelekea wapi. Chumba kinachopata jua la asubuhi, chenye dari na sakafu isiyotota, ni bora kuliko chumba kikubwa cha upande wa kivuli. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe kumpasha joto ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Katika nyumba yenyewe kuna jambo ambalo madalali hawaliulizi na vijana huona haya kulitaja. Kwa mila ya Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe walitengana kabisa. Mkamwana hakumtazama mkwe wake, hakulitaja jina lake, na akimwona anakuja njiani alijificha. Vijiji vya marika vilirahisisha jambo hilo, maana baba na mwana aliyeoa hawakuishi kijiji kimoja. Makanisa na shule vimelegeza sana mila hiyo. Leo mkamwana humpelekea babu chakula na kumsalimu kwa heshima. Hata hivyo aibu ile ya kukutana vibaya bado ipo, na nyumba za kupanga za mjini zimejengwa kana kwamba haipo. Korido moja, vyumba vinatazamana, bafu moja mwishoni. Saa kumi na mbili asubuhi babu anatoka chumbani anakohoa, na mkamwana anatoka bafuni amejifunga kanga. Kila mmoja anageuza uso. Baada ya wiki mbili babu anaanza kukaa nje kwenye baridi mpaka nyumba itulie, na mkamwana anaanza kuoga usiku wa manane. Hakuna ugomvi, hakuna anayelalamika, lakini wote wawili wanaishi kama wageni.

Dawa yake si ghali. Tafuta nyumba yenye chumba cha uani chenye mlango wake na choo cha nje, babu au bibi akae huko. Uyole, Igawilo na Itezi nyumba za namna hiyo zinapatikana, kwa sababu viwanja vyake vingi bado vina nafasi. Uani mzee anapata pia mahali pa kupanda matuta mawili ya mboga, na pa kuwasha kuni pale anapotaka kupika ndizi kwa namna anayoijua yeye.

Tuje kwenye ibada na misiba, maana kwa Wanyakyusa mambo hayo mawili hayaachani. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na makanisa waliyoyaanzisha, Moravian na KKKT, ndiyo yaliyolea wazee wengi wa Kyela. Kabla ya kulipa kodi, ulizia jumuiya ya nyumba kwa nyumba ya mtaa huo inakutana siku gani na kwa nani, na kama akina mama wazee wanahudhuria. Uliza pia kama kuna kikundi cha kuzikana. Mzee anajua atakapozikwa: nyumbani, Kyela, kando ya watu wake. Anachotaka kukijua ni nani atakayekaa na familia matangani usiku ule kabla ya safari, na nani atapanda gari kumsindikiza. Akiona mtaa una watu wa kufanya hivyo, utamsikia akitulia hata katika mazungumzo yake.

Hali hii si yetu peke yetu. Baada ya mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959, maelfu ya familia zilizokimbilia Miami, Marekani, zilijazana katika eneo lililokuja kuitwa Little Havana. Vijana walijifunza Kiingereza na wengi wakahamia vitongoji vyenye nafasi zaidi, lakini wazee wao waliendelea kuja kwenye bustani ya Calle Ocho kucheza domino na kubishana siasa kwa Kihispania. Walizeeka ugenini bila kunyamazishwa na lugha ya wageni. Bibi wa Ipinda anayeelewa Kiswahili cha sokoni tu anahitaji kitu hichohicho kwa kiwango kidogo: vibaraza viwili au vitatu ambako akisema "ndaga" atajibiwa na kuvutiwa kigoda. Wajukuu nao watafaidika. Shuleni watasoma kwa Kiswahili, na mtaani watacheza kwa Kiswahili na watoto wa Kisafwa, Kindali na Kikinga. Kinyakyusa watakipata kwa bibi pekee, na bibi asiyezungumza na mtu mchana kutwa hana hadithi za kusimulia jioni.

Basi kabla ya kumpa dalali fedha, mlete mzee mwenyewe. Mtafutie ndugu au mshirika wa kanisa katika mtaa unaoufikiria, alale hapo siku chache, aende sokoni, aende ibadani, akae barazani. Usimwulize kama nyumba ameipenda. Mwulize majina ya watu aliokutana nao. Akiyataja manne au matano pamoja na vijiji vyao vya asili, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe kwa mwenyekiti na mjumbe, kisha uketi na mwenye nyumba kuzungumzia mkataba wa pango. Mkataba huo, na makosa yanayofanyika katika kuuandika, ndiyo mada ya sehemu ya tatu.